Kabla hujanunua bodi ya kujengea saketi, yaangalie haya

Usishuke sokoni Darajani, Unguja, kabla hujajua unachokijenga ni cha kujaribu au cha kukaa. Cha kujaribu kinataka bredibodi, ile ya plastiki yenye matundu ya kuchomeka waya na kuzichomoa. Cha kukaa kinataka bodi ya shaba ya kulehemu. Dukani zote mbili huitwa "bodi" tu, na muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake. Nimeshamuona kijana amerudi nyumbani na bodi ya kuchajia simu, na pesa keshalipa.

Nenda na kipimo. Safu ya pini au chipu kuukuu inatosha. Tundu na tundu ziachane milimita 2.54, pini zako zikiingia zote bila kulazimishwa, ndiyo hiyo. Kwa macho utadanganyika.

Bredibodi nzima ina matundu 830, nusu yake 400. Kama unatumia ESP32, ile kadi ndogo yenye chipu ya kuendeshea vifaa, bredibodi moja haitoshi. Kadi ile ni pana, ikikaa inameza karibu upana wote na kukubakishia mstari mmoja wa matundu ubavuni. Chukua mbili uzibananishe, kadi ikae katikati, mguu huku mguu kule.

Tazama pia mistari ya moto ya pembeni, myekundu na ya buluu. Kwenye bodi nyingi za matundu 830 mistari hiyo imekatika katikati, kwa hiyo moto unaoingiza upande huu haufiki upande wa pili mpaka uuvushe kwa waya. Weka mita ya umeme kwenye mlio, gusa mwanzo, gusa mwisho; ikilia, mstari haujakatika. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Waya za kuchomekea zipitishie sumaku. Zikinata, ndani ni chuma kilichopakwa shaba, na kwa hewa yetu hii hazifiki mbali.

Na bredibodi usiitwishe pampu wala mota. Ikifika ampea moja imeshachoka. Umeme wa ukutani, volti 230, usiusogeze hata karibu.

Haya, sasa bodi ya shaba, na hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoungua.

Shangazi yangu yuko Wete, Pemba. Maji kwao huja kwa zamu, yanaingia tangi la chini, kisha pampu inayapandisha simtangi la juu. Nikajitia ufundi, nikamwambia asihangaike kuwasha na kuzima, nitamtengenezea kidude: vijiti viwili vya chuma ndani ya simtangi, maji yakivigusa vyote viwili chipu inajua tangi limejaa na pampu inazimwa. Yakishuka, inawashwa. Kazi ndogo.

Bodi nilizipata za mistari, zile mafundi wa redio wanaoziita vero, rangi ya kahawia, kumi kwa bei ya kutupa. Mstari wa shaba ulikuwa mweusi mweusi kama senti ya zamani. Nikajisemea shaba ni shaba. Nilipoanza kulehemu, risasi ya kulehemu ikawa inajikunja vidonge na kuteleza, haishiki. Nikaongeza moto. Mstari ukabanduka, ukajikunja kama ganda la kitunguu kwenye ncha ya pasi ya kulehemu. Nikachukua bodi ya pili, na safari hii nikaazima maji ya kuchomea mabati kwa fundi bati jirani, ile asidi yao. Wallahi risasi ilikimbia kama samli kwenye kikaango! Nikafurahi, nikafuta juu juu kwa kitambaa, nikafunga boksi, nikapanda meli.

Mwezi wa Februari, jua kali, kidude kikafanya kazi kama nilivyokusudia. Shangazi akawaita majirani waje waone taa. Masika yakaingia, na wiki ya tatu ya Aprili simu ikalia kabla ya alfajiri.

"Mwanangu, kidude chako kinasema tangi limejaa, na mimi sina maji ya kutawadhia."

Nilimwambia azime awashe. Nikamwambia atikise waya. Siku ya pili nikamwambia labda vijiti vimegusana. Hakuna kilichosaidia. Nikachukua meli ya usiku hadi Mkoani, kutoka hapo daladala mbili mpaka Wete, muda wote najiambia ni chipu. Nikafungua boksi. Baina ya mstari na mstari palikuwa pameota ukungu wa kijani, laini, kama ule wa kwenye bomba la shaba. Asidi ile haikuondoka kwa kitambaa. Ilibaki, ikavuta unyevu na chumvi ya hewani, na rezista yangu ya vijiti, yaani kizuizi cha umeme, ilikuwa kubwa mno, ya megaohm moja, kiasi kwamba uchafu kidogo tu ulitosha kupitisha umeme. Kwa chipu, ukungu ule ulikuwa ndio maji. Tangi tupu, taa inawaka "nimejaa", na mama wa watu siku tatu anabebewa ndoo na watoto wa jirani.

Nilimtengenezea kingine. Kinafanya kazi mpaka leo, ila shangazi haamini taa tena. Hupanda ngazi akaligonga simtangi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, ndipo anaposhuka.

Basi, ukishika bodi ya shaba, geuza uone upande wa shaba kwanza. Ing'ae, iwe na rangi ya waridi inayoelekea chungwa, au iwe imepakwa bati tangu kiwandani, ambayo kwa visiwani ndiyo bora. Ikiwa imepauka tu, ufutio wa penseli utaisafisha. Ikiwa nyeusi, irudishe. Halafu inyanyue kwenye mwanga. Ya faiba hupitisha mwanga na utaona nyuzi zilizofumwa ndani. Ile ya kahawia ni karatasi na gundi, kona yake ukiibonyeza sana hukatika kama biskuti, na shaba yake haivumilii pasi ya moto. Kwa kitu cha kukaa lipia ya faiba yenye vitone pande mbili, matundu yake yamepakwa shaba mpaka ndani. Kitone chake hakibanduki ovyo.

Asidi ya mabati iache kwa mabati. Tumia flaksi ya elektroniki, ile dawa ya kuifanya risasi ishike, kisha safisha bodi kwa spiriti na mswaki wa zamani, ikauke, upake vanishi. Mistari ya vero ikate kwa ncha ya keekee ya milimita 4, na uipime kila ulipokata, maana unywele mmoja wa shaba ukibaki utakukesha.

Ukiagiza kwa mtu Kariakoo, mwambie akupigie picha ya upande wa shaba kabla hajalipa. Picha ya upande wa matundu haikwambii kitu. Mwambie pia azifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa, si gazeti, zisije zikavuka bahari na kufika zimeshaanza kuwa nyeusi. Na ukishazipokea, usinunue za mwaka mzima kwa sababu zilikuwa rahisi. Mimi nane katika zile kumi ninazo bado, hazifai hata kuwekea vikombe.

Ukitaka kutengenezewa China bodi uliyoichora mwenyewe, wapo wengi, JLCPCB mmojawapo, na kuagiza huanzia vipande 5. Kabla hujatuma faili, chapisha mchoro kwenye karatasi kwa kipimo kamili, upachike vifaa vyako juu yake. Ikiwa rilei, ile swichi inayoendeshwa na chipu, haikai kwenye karatasi, kwenye bodi pia haitakaa. Namba ya simu kwenye oda iandike vizuri, nayo iwe ile inayopatikana.

Risiti weka. Boksi litoboe kwa chini maji yatoke. Rilei ya pampu iwe na bodi yake mbali na chipu, swichi ya mkono iwepo pembeni, na mwenye nyumba aoneshwe inavyotumika kabla hujaondoka, mara mbili. Pasi ya kulehemu usiiache sakafuni penye watoto. Na kabla hujagusa chochote, chomoa plagi.