Kumpandisha boti mtoto anayelemewa na kelele: mwongozo wa ufuo wa Dunga, Kisumu

Kwa mtoto mwenye usonji, au yeyote ambaye masikio, ngozi na pua yake hupokea mambo kwa ukali kuliko wenzake, safari fupi ya boti Ziwa Victoria ina mahali panne pa kuharibikia: ufuo wenyewe, jaketi la kuokolea maisha, injini inapowashwa, na injini inapowashwa tena baada ya kuzimwa karibu na viboko. Hapo pa nne ndipo wazazi wengi husahau. Mtoto ameshazoea mngurumo, ukimya umeingia, mabega yamelegea, kisha kishindo kinamjia kutoka nyuma bila taarifa. Kinachomwangusha mara nyingi ni ule ughafla kuliko ukubwa wa sauti, kwa hivyo sehemu kubwa ya matayarisho ni kumpunguzia ughafla.

Anza na saa. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Nchi kavu ikishapata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, mawimbi yanainuka, na alasiri si ajabu mvua ya radi kuwakuta. Lakini msifike alfajiri pia: huo ndio wakati mashua za wavuvi zinapotia nanga, wachuuzi wanapigania bei na harufu ya samaki imejaa kila mahali. Saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, katikati ya wiki, ndiyo nafasi nzuri. Wikendi hoteli za ufuoni hufungulia muziki, na spika hazina adabu.

Mpigie nahodha simu siku kadhaa kabla, wala usimweleze jina la hali ya mtoto, mweleze kazi. Kwa mfano: "Nahodha, tuna mtoto anayeshtushwa na kelele za ghafla. Tunataka boti peke yetu, dakika 20 au 30, tusiende mbali na ufuo. Washa injini kabla hajapanda. Ukitaka kuizima au kuiwasha, niinulie mkono kwanza. Nikikwambia turudi, tunarudi papo hapo, na nauli yako unapata yote." Hilo la nauli ni muhimu kuliko linavyoonekana. Nahodha anayeogopa kupunjwa atawabembeleza mwendelee "kidogo tu," na hiyo kidogo ndiyo inayoleta kilio. Muulize pia watu hupandaje: kwa gati, au kwa kukanyaga maji. Kama ni maji, mtoto abebwe. Maji ya kina kifupi ya ziwa hili yana kichocho, na kwa mtoto asiyependa miguu mibichi matope ya ufuoni yanatosha kumaliza safari kabla haijaanza. Miguu ikilowa, ikaushwe kwa taulo mara moja.

Jaketi ndilo linalohitaji muda mrefu zaidi. Linabana kifua, linagusa shingo, na yale ya kukodi mara nyingi huwa na unyevu na harufu ya jasho la wengine. Ukiweza, nunua au azima la mtoto wako wiki mbili kabla. Lichague kwa uzito wake ulioandikwa ndani ya jaketi, si kwa umri. Mtoto mdogo anahitaji lenye kola ya kushikilia kichwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu, maana usipokuwepo jaketi litapanda juu atakapoingia majini. Lipime hivi: funga mikanda yote, mwambie ainue mikono, kisha livute juu kwa mabega. Likipita kidevu au masikio, ni kubwa. Siku ya kwanza aliguse na kulivaa dakika 2 juu ya fulana anayoipenda, bila kufunga. Siku ya pili funga buckle moja. Ongeza polepole hadi afikishe dakika 30 akiwa anacheza au kutazama katuni. Akilikataa katakata baada ya wiki hizo mbili, ahirisheni safari. Hakuna makubaliano ya "atalishika tu mkononi." Na kama huvaa kizibao chenye vyuma vya uzito vya kumtuliza, kibaki nyumbani: majini kinamzamisha.

Kwa masikio, vifuniko vya plastiki vya kuzuia kelele, vile vya mafundi wa kuchomelea, vinafaa kuliko hedifoni za umeme ambazo maji huziua. Vijaribu pamoja na jaketi, kwa sababu kola hupenda kuvisukuma juu na kuacha mwanya. Akivivaa hatasikia maagizo yako, kwa hivyo fundishaneni ishara tatu za mkono: kaa, shika, tunarudi. Sauti yenyewe mzoesheni kwa rekodi ya simu, ianze chini kabisa wakati anafanya kitu anachokifurahia, na mwache aizime yeye mwenyewe anapotaka. Ni kheri pia kumsimamisha mbali kidogo na posho mill inayofanya kazi na kumwacha aamue kusogea.

Maji ya kurushwa yana zoezi lake: karai, kisha chupa ya kunyunyizia, mikono kwanza, uso mwisho.

Mtengenezee hadithi ya picha sita au saba, kwa lugha mnayozungumza nyumbani: barabara, ufuo, jaketi, boti, maji, kurudi, nguo kavu. Picha ziwe za Dunga yenyewe. Mwombe nahodha akutumie za boti yake. Usiahidi viboko. Andika, "Tunaweza kuwaona viboko. Tusipowaona, tutaona ndege na mafunjo." Mtoto anayeshika neno lililoandikwa hatasahau ahadi ambayo kiboko hakuitimiza.

Siku yenyewe, ale chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Kofia iwe na kamba ya kidevuni, maana jua la ikweta hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Nguo za kubadilisha zikae kwenye kontena yenye kifuniko, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017. Harufu ya omena ikimsumbua, mpe kitambaa chenye sabuni anayoijua, na mtoke kwenye tuktuk moja kwa moja hadi kwenye boti. Malipo na mazungumzo mtu mzima mmoja ashughulikie mbele.

Mahali pa kukaa kuna hesabu yake. Nyuma, kwenye tezi, kuna kelele, mtetemo na moshi, hasa injini za zamani zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili. Mbele kabisa hewa ni safi, lakini boti hurukaruka huko na maji hurushwa. Katikati, mbele kidogo ya kati, ndipo pa kumweka, juu ya kipande cha godoro ili mtetemo usipande mgongoni. Mtu mzima mmoja kila upande, na mmoja wao mkono usiachie jaketi. Baadhi ya watoto hawa huvutwa na maji na huingia bila kuonya, hata wasiojua kuogelea. Usimfunge kwenye boti kwa vyovyote.

Mkiwaona viboko, msimsukume nahodha asogee ili mpate picha. Kiboko akikasirika boti si kinga.

Akianza kulemewa ziwani, usipaze sauti na usiulize maswali mengi. Toa ishara ya kurudi. Usiombe injini izimwe ghafla: boti isiyosukumwa huelea, hugeuka ubavu kwa mawimbi na kuyumba zaidi ya mwanzo. Nahodha apunguze mwendo, aelekeze mbele ya boti kwenye mawimbi, kisha azunguke pale maji yametulia. Wewe mfunike kwa kitambaa, bonyeza mabega yake kama huwa anapenda hivyo, na ukae kimya.

Mkishuka, vueni jaketi kwanza, nguo mbichi pili, kisha ondokeni ufuoni hata kama wengine wana njaa ya samaki. Chakula kiliwe pengine, baada ya mtoto kupata saa moja ya utulivu. Jioni hiyo andika ni wapi alikaza mwili na wapi alilegea. Ndiyo maelezo utakayompa nahodha mkirudi.