Ova ya mwisho na giza linaingia: kapteni ufanyeje

Mechi za kriketi za klabu jioni pale Mombasa tunaanza tumechelewa, kuna mtu kakwama feri, so ova ya 20, yaani mipira sita ya mwisho, inafika jua lishazama. Wapinzani wanataka mikimbio (pointi) 8 washinde, mipira 6. Ufanyeje?

Kwanza hii hesabu ya nani atarusha mwisho ifanye tangu ova ya 14, maana kwa T20 (mechi ya ova 20 kila timu) kila bola, yaani mrushaji, ana ova 4 tu, ukimmaliza yule mzuri mapema utajuta. Mimi nishawahi kubaki na mjomba wa spini (mipira ya polepole ya kuzungusha), mpira umelowa jasho na umande, haushikiki, akatupa waidi mbili mfululizo, yaani mipira iliyopita mbali na mpigaji, na waidi ni mkimbio wa bure halafu mpira unarudiwa!!

Mpe bola taulo akaushe vidole. Mwambie alenge vidole vya mguu wa mpigaji, asidundishe katikati, na asikanyage nje ya mstari, akipewa noboli (mpira haramu) inayofuata ni frii hiti, mpigaji anapiga bila hofu ya kutolewa kwa kudakwa. Nje ya duara lililochorwa uwanjani mwisho watu 5, weka wenye mikono mizuri upande anaopenda kupiga, yule mwenye kitambi abaki karibu (samahani kaka).

Wakibaki na mipira miwili kikipa (mdakaji wa nyuma ya mpigaji) asogee karibu na vijiti, wataiba mkimbio hata mpira usipoguswa.