Injini Inayomisi na Kurudia Kumisi: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kwenye Toyota za 1NZ-FE

Gari likimisi, yaani silinda moja au zaidi ikishindwa kuwaka sawasawa, likabadilishiwa plagi, likatulia majuma mawili kisha likaanza tena, mara nyingi huwa halijapata tatizo jipya. Lile la kwanza halikuguswa. Kufikia hapo mwenye gari ameshanunua plagi, koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) na pengine pampu ya mafuta, kila kimoja kwa kukisia, ilhali vipimo vichache vingemwonyesha ni silinda gani isiyofanya kazi na kwa sababu gani. Mwongozo huu unapima kwanza na kununua baadaye. Nimechagua injini ya 1NZ-FE, ya silinda 4 na ujazo wa cc 1497, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye IST nyingi, Probox na Corolla NZE zilizoletwa kwetu kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na ambazo nyingi sasa zina umri wa kuanza usumbufu huu. Mwenye Corolla 110 yenye distributa (kigawanya umeme wa cheche) atakuta sehemu yake mbele.

Kabla ya kufungua boneti, chunguza kwa siku kadhaa gari linamisi wakati gani, na uandike. Likimisi wakati limesimama likiunguruma, kisha likatulia ukikanyaga mafuta, shuku hewa inayopenya mahali isipotakiwa, throto (mlango wa hewa ya injini) chafu, au silinda iliyopungua kompresheni (nguvu ya kugandamiza hewa). Likimisi linapopanda mlima au linapobeba mzigo, shuku zaidi koili na plagi, kwa sababu mgandamizo ndani ya silinda ukiwa mkubwa cheche huhitaji umeme mwingi zaidi ili iruke, na koili iliyochoka hushindwa hapo hata kama kwenye tambarare inaonekana nzima. Likikosa nguvu kwenye mwendo mkubwa wa muda mrefu, mafuta hayafiki ya kutosha. Likimisi baada ya mvua au baada ya kuoshwa injini, unyevu umepata njia kwenye mfumo wa cheche. Likimisi asubuhi tu kwa dakika moja mbili, kisha likawa zima mchana kutwa, angalia maji ya rejeta kabla ya kitu kingine chochote: yakiwa yanapungua bila kuvuja nje, huenda yanaingia kwenye silinda usiku kupitia gasketi ya silinda hedi.

Kama tatizo lilianza mara baada ya kujaza tangi, usiivue injini bado. Maji kwenye petroli, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, humisisha silinda zote bila mpangilio, na hakuna koili mpya itakayotibu hilo. Nchini Tanzania petroli huwekewa vinasaba ili uchakachuaji ugundulike, lakini hilo halizuii maji kuingia kwenye tangi la kituo au kwenye dumu la mwuzaji wa pembeni.

Taa ya injini nayo ina lugha yake. Ikiwaka bila kupepesa, kuna hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Ikipepesa wakati gari linatetema, petroli isiyoungua inaelekea kwenye masega ya bomba la moshi, yaani kisafisha moshi, na kuyachoma. Hapo punguza mwendo, ondoa mzigo, na usiendelee na safari ndefu kwa matumaini kwamba itajitibu. Ukiunganisha skana ya kusoma kompyuta ya gari, kodi (namba za hitilafu) za P0301 hadi P0304 hutaja silinda kwa tarakimu ya mwisho, na silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa mikanda. P0300 maana yake ni kwamba kumisi kunahama hama kati ya silinda, jambo linaloelekeza kwenye kitu ambacho silinda zote hukitegemea, yaani hewa, mafuta au umeme mkuu. Ikifuatana na P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na kununua plagi kutakuwa kupoteza fedha. Kodi hutaja silinda. Haitaji kifaa kilichoharibika. Fundi anayesoma P0302 na kutamka papo hapo kwamba koili ya pili imekufa amekisia, hata kama safari hii amepatia.

Skana isipopatikana, au isipoonyesha kitu, silinda mbovu hupatikana kwa kuzima moja moja. Washa injini, iache iungurume, kisha chomoa soketi ya koili ya silinda ya kwanza kwa sekunde chache na usikilize. Injini ikitetema zaidi, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi, irudishe. Endelea hadi ufike kwenye ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika. Chomoa soketi yenye nyaya ndogo pekee na usinyanyue koili yenyewe injini ikiwa inawaka, kwa kuwa umeme wa upande wa chini hufikia maelfu ya volti. Wala usikae na silinda iliyozimwa kwa muda mrefu, kwa ajili ya masega yaleyale.

Sasa inakuja hatua ambayo gereji nyingi huiruka, na ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo haigharimu shilingi. Zima injini, chukua spana namba 10, fungua koili ya silinda mbovu na koili ya silinda nzima, uzibadilishane nafasi. Futa kodi, endesha gari katika hali ileile inayolifanya limisi, kisha pima tena. Tatizo likihamia kwenye silinda iliyopokea koili ya silinda mbovu, koili ndiyo mbovu na unaweza kununua moja kwa uhakika. Lisipohama, badilishana plagi kwa namna ileile. Likibaki palepale baada ya plagi na koili zote mbili kuhama, silinda hiyo ina tatizo la nozeli (kinyunyizi cha petroli), la nyaya za soketi, au la ndani ya injini. Badilisha kifaa kimoja kwa wakati. Ukihamisha viwili pamoja, hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Wakati koili iko nje, mulika tochi ndani ya shimo la plagi. Hapa ndipo jibu la kwa nini gari linarudia kumisi hupatikana mara nyingi. Koili ikitoka na mpira wake umelowa oili, oili sili za mashimo ya plagi kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) zimekakamaa na kupitisha oili ya injini. Oili hulainisha mpira, mpira huvimba na kupasuka, na cheche hupata njia fupi ya kukimbilia kwenye chuma badala ya kufika kwenye ncha ya plagi. Koili mpya ikiwekwa ndani ya shimo hilohilo itafanya kazi vizuri hadi nayo ilowe. Kausha shimo kabla ya kufungua plagi ili oili isidondokee kwenye silinda, kisha badilisha gasketi ya tapeti kava pamoja na sili za mashimo.

Fungua plagi injini ikiwa imepoa, kwa soketi ya milimita 16, na uzipange juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda zake. Iliyolowa petroli haikupata cheche. Iliyokauka kabisa wakati wenzake wana rangi ya hudhurungi huenda haipati mafuta. Yenye utando mweusi wa oili inatoka kwenye silinda yenye ringi au sili za valvu zilizochoka, na nyeupe safi kana kwamba imeoshwa kwa mvuke inashukiwa kupata maji ya rejeta. Igeuze kwenye mwanga na utazame kauri yake: mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli kutoka juu hadi kwenye chuma, ni njia ambayo cheche imekuwa ikitorokea. Plagi ya namna hiyo haisafishwi, na mpira wa koili yake nao hubeba alama ileile kwa ndani, kwa hiyo ukibadilisha plagi peke yake alama itajichora upya. Pete ya rangi ya kahawia karibu na shingo ya chuma, ambayo huwatisha wengi, ni ya kawaida.

Plagi za kawaida za injini hii ni Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11, na 11 ya mwishoni humaanisha mwanya wa milimita 1.1. Bandia zenye majina hayo zimejaa madukani, hivyo nunua kwa mwuzaji utakayeweza kumrudia. Mpya ianze kuzungushwa kwa mkono hadi ikae, kisha ikazwe kwa spana nusu mzunguko hivi; hedi ni ya aluminiamu, na uzi wake ukivurugika gharama itakuwa nyingine kabisa.

Kwenye Corolla 110 yenye 5A-FE, koili haikai juu ya kila plagi. Umeme hugawanywa na distributa na kupita kwenye waya za plagi, kwa hiyo vya kukaguliwa ni kifuniko cha distributa, rota iliyo ndani yake na waya zenyewe. Fungua kifuniko utazame vituo vya ndani: unga mweupe au wa kijani ni kutu, na ufa mwembamba uliojaa weusi ni sababu ya kukitupa. Kila waya upimwe kwa multimita, nao usizidi kilo-ohmu 25. Kuna pia kipimo kisichohitaji kifaa: usiku, mahali penye giza, injini ikiwaka, nyunyizia waya maji kidogo kama umande bila kuzigusa, na waya mbovu itajionyesha kwa cheche za buluu zinazotambaa juu yake. Ukizichomoa, ziwekee alama, kwa sababu mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2 na kukosea kuzirudisha huleta kumisi kubaya kuliko kule ulikoanza nako.

Cheche ikiwa nzima, geukia hewa na mafuta. Sikiliza mlio wa kufyonza kwenye mipira midogo inayoingia kwenye manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye silinda), halafu nyunyizia maji kidogo kwenye viungo vyake mbali na nyaya. Mngurumo ukibadilika ghafla, hapo ndipo hewa inapopenya. Wapo wanaonyunyizia petroli kwa kipimo hiki, nami sioni sababu ya kuhatarisha gari na mikono. Nozeli isikilizwe kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli na mpini sikioni. Inayofanya kazi hugonga kwa kasi isiyokatika. Iliyo kimya ipimwe: ukinzani wa ohmu 13 au 14 ni sawa, na ikiwa hivyo tatizo liko kwenye waya au uchafu. Shinikizo la petroli kwenye 1NZ-FE linapaswa kuwa kati ya psi 44 na 50, nalo likishuka kwenye mwendo mkubwa, filta iliyo ndani ya tangi pamoja na pampu vinastahili kukaguliwa.

Kilichobaki ni kompresheni. Injini ikiwa ya moto, ondoa plagi zote, zima mfumo wa mafuta, kanyaga throto hadi mwisho na upige stata huku geji ikiwa kwenye silinda moja baada ya nyingine. Tofauti ya zaidi ya psi 14 kati ya silinda na silinda si ya kupuuzwa. Tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena: shinikizo likipanda, ringi zimechoka, lisipopanda, valvu hazizibi au gasketi ya hedi imetoboka, na silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja huelekeza kwenye gasketi. Kwa valvu, usikubali hedi ifunguliwe kabla ya nafasi zake kupimwa injini ikiwa baridi: za kuingiza ni milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35.

Baada ya matengenezo, futa kodi na uliendeshe gari katika hali uliyoiandika mwanzoni, mlima uleule, mzigo uleule, au asubuhi baada ya kulala nje. Soma tena kodi zilizo kwenye hali ya kusubiri, maana kompyuta huweza kuhesabu kumisi kudogo kabla ya kuwasha taa.