Mzee Anapoweweseka Ghafla Baada ya Kuongezewa Dawa
Mzee aliyekuwa timamu jana akishindwa leo kuitambua nyumba yake mwenyewe pale Kondele, Kisumu, tafadhali usiseme ni uzee, kwa maana uzee hauji kwa usiku mmoja. Kusanya dawa zake zote, hata za mafua zilizonunuliwa bila cheti cha daktari, umpeleke nazo hospitalini siku hiyo hiyo. Amitriptilini ya maumivu ya neva ikikutana na klorofeniramini ya mafua, zote mbili hukausha kinywa, huzuia mkojo na huvuruga fahamu. Tramadoli ya maumivu makali ikiongezwa, hatari huzidi. Mweleze daktari dawa iliyoongezwa mwisho. Apimwe malaria pia. Diazepamu ya kutuliza wasiwasi aliyoizoea isikatizwe ghafla nyumbani, kwani huweza kumletea degedege.