Mmetumwa kama familia ya wamisionari kuamsha kanisa lililopoa? Anzieni hapa
Kwanza msikimbilie kubadilisha ratiba ya ibada, mtagombana na wazee wa kanisa bure. Miezi ya mwanzo jifunzeni lugha ya watu wa hapo, tembeleeni watu majumbani, sikilizeni tu. Kanisa la Efeso kwenye Ufunuo 2:5 liliambiwa likumbuke, litubu, lirudie matendo ya kwanza, sasa hapo spika mpya zimetajwa wapi jamani? Anzisheni kikundi kidogo cha maombi, hata watu wanne, na nyie muwe wa kwanza kutubu maana watu wanaona mnavyoongeleshana nyumbani. Watoto msiwafanye wahubiri wadogo, waacheni wacheze. Siku moja kwa wiki zimeni simu mkae kama familia, anayetaka maombi atarudi kesho, ila kukiwa na msiba nendeni.