Jinsi ya kuionja José L. Piedra Cazadores bila kuionea

José L. Piedra Cazadores huhukumiwa kabla haijawashwa. Ni sigaa ya Cuba, imesokotwa kwa mkono, lakini tumbo lake limejazwa tumbaku ya vipande vipande, ile ambayo Wacuba huiita tripa corta, si majani marefu yanayoanzia kichwani hadi mguuni. Tumbaku yenyewe haitoki Vuelta Abajo kule Pinar del Río, inatoka Vuelta Arriba, katikati ya kisiwa, upande wa Remedios. Wapenzi wengi wa sigaa huivuta mara moja tu, ikiwa bado mbichi, mdomo ukiwa na ladha ya Montecristo ya jana, chapa ya Cuba yenye sifa kubwa, kisha wanaitangaza kuwa takataka.

Lawama ni tatu: ni chungu, inaziba, na inaacha punje za tumbaku mdomoni. Ya tatu ni kweli na ina dawa. Mbili za kwanza, mara nyingi kosa ni la unyevu.

Hatua ya 1: Nunua fungu, usinunue moja

Cazadores huuzwa kwa mafungu na pia pakiti za 5. Sigaa moja iliyolala kwenye kabati la duka haikwambii kitu, kwa sababu hujui imekaa katika hali gani, na sigaa za mkono hutofautiana hata ndani ya fungu moja. Chukua walau pakiti ya 5. Soma muhuri wa tarehe kwenye kifungashio: miezi imefupishwa kwa Kihispania (ENE ni Januari, ABR Aprili, AGO Agosti, DIC Desemba), mwaka unafuata. Yenye mwaka mmoja na zaidi ndiyo nzuri kuanza nayo.

Uzuri mmoja wa chapa hii ni kwamba matapeli hawaisumbukii sana. Wao hupenda Cohiba, chapa ghali ya Cuba, na ukiona Cohiba kwenye sanduku lenye mfuniko wa kioo, ondoka. Cohiba za namna hiyo ni bandia zote.

Hatua ya 2: Friza

Mdudu wa tumbaku (Lasioderma serricorne) hutaga mayai ndani ya jani, na joto likipita nyuzi 24 au 25 mayai huanguliwa. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hilo ni joto la kila siku. Funga sigaa kwenye mifuko miwili ya zipu, toa hewa, weka friza siku 4, hamishia kwenye friji siku 1, kisha nje siku 1 bila kufungua mfuko. Ukifungua mapema, hewa ya joto itatua juu ya jani baridi, jani litalowa na kupasuka.

Hatua ya 3: Unyevu

Haki ya sigaa hii inapatikana au inapotea hapa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tumbaku hunywa maji ya hewani hadi ilingane nayo. Sigaa iliyokaa kwenye unyevu wa asilimia 70 na zaidi huvimba kwa ndani. Vipande vinabanana, moshi unakosa njia, nawe unavuta kwa nguvu zaidi. Kaa linapamba moto, maji yanageuka mvuke, na kinachofika mdomoni ni uchungu na lami. Ikizimika unaiwasha tena, na uchungu unaongezeka. Sigaa ya majani marefu huvumilia kosa hili kwa sababu njia zake za hewa zimenyooka. Ya vipande haivumilii.

Wengi huhifadhi sigaa za Cuba kwenye 65. Kwa tripa corta shikilia 62. Usishuke chini ya 58, kwa sababu jani la nje litapasuka na moshi utakuwa mkali wa kuunguza ulimi.

Vifaa ni vitatu: chombo cha plastiki chenye mpira kwenye mfuniko na kisicho na harufu ya chakula, kifuko cha Boveda cha 62 (kifuko kinachotoa na kunyonya maji ili hewa ya chombo ibaki kwenye unyevu wa asilimia 62), na kipima unyevu cha dijitali. Sanduku la mbao la kifahari ni pambo. Katika hewa ya pwani, hewa ya nje hupenya kwenye mfuniko wake na utabaki unapigana na bahari. Sifongo yenye maji usiiguse kabisa, inaongeza unyevu bila kujua mahali pa kukomea.

Kabla ya kukiamini kipima, kijaribu kwa chumvi. Weka kijiko cha chai cha chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, ongeza maji tone kwa tone hadi chumvi iwe tope, isiwe uji. Fungia kizibo na kipima pamoja kwenye mfuko wa zipu kwa saa 24, mahali pasipobadilika joto. Jibu sahihi ni 75. Kikisoma 71, basi kila kitakachosoma baadaye ongeza 4. Chumvi ikiyeyuka yote au ikibaki kavu, jaribio limeharibika, rudia.

Sasa zipange sigaa chomboni bila karatasi ya fungu, zikiachana kidogo, halafu funika. Mtego uko hapa: kesho yake kipima kitasoma 62, na utadhani ziko tayari. Kipima kinasoma hewa, hakisomi tumbaku. Ganda limeshakubali lakini moyo wa sigaa bado umelowa, na utaujua moyo huo ukifika katikati ya kuvuta, pale sigaa iliyoanza vizuri inapogeuka chungu ghafla.

Dawa yake ni mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Chagua sigaa moja, itie alama, ipime kila baada ya siku tatu. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukipata usomaji uleule mara tatu mfululizo, moyo na ganda vimelingana. Tegemea wiki tatu kwa uchache. Zilizonunuliwa zikiwa zimelowa sana huchukua hata sita. Asiye na mizani angoje wiki sita bila kujadiliana na nafsi yake.

Pwani, fungua chombo kwa ajili ya kupima tu, kwani kila ukifungua unakaribisha maji ndani. Kifuko cha Boveda kikivimba na kuwa majimaji kimeshiba, weka kingine. Nairobi katika miezi mikavu mambo hugeuka: kifuko kinakuwa kigumu kama biskuti, maana yake kimeishiwa.

Mwisho, nusa mguu wa sigaa, yaani upande unaowashwa. Ukisikia amonia, harufu kama ya choo kisichosafishwa, tumbaku bado inachachuka. Hakuna ujanja wa kuiharakisha. Irudishe ikae miezi mitatu, usiionje wala usiiandike vibaya.

Hatua ya 4: Tafuta mlinganisho wa haki

Usiiweke kando ya Partagás au Cohiba, chapa za majani marefu. Mwenzake ni Quintero Brevas, chapa iliyoanzia Cienfuegos, nayo ni tripa corta ya mkono. Cazadores ina urefu wa milimita 152 na unene 43, yaani 43 za 64 za inchi, takriban milimita 17. Brevas ni milimita 140 kwa 40. Ihifadhi kwenye chombo kilekile, kwa muda uleule. Zivue pete zenye jina na mwombe mtu mwingine azipe namba. Kwa mkono utatambua iliyo nene, lakini macho yakikosa jina, ulimi unakuwa mkweli zaidi.

Hatua ya 5: Kata

Tumia kikatio cha nyembe mbili, kikali, ukate milimita 2 tu za kofia, kile kijani kinachofunika kichwa, upande wa mdomoni. Usitoboe tundu: punje huziba pale na lami yote hupita kwenye kijitundu kimoja. Ukishakata, geuza kichwa kitazame chini, zungusha sigaa polepole huku ukiigonga kwa kidole hadi punje ziache kudondoka, kisha pangusa kwa kidole gumba. Sekunde 20 hizi zinamaliza karibu malalamiko yote ya kutema tumbaku.

Vuta kabla ya kuwasha. Ikigoma kabisa, usiichokonoe kwa mshikaki, utashindilia vipande zaidi. Iandike kuwa imeziba, chukua nyingine.

Hatua ya 6: Washa

Kiberiti kirefu au laita ya gesi yenye moto laini. Laita ya petroli hapana, wala moto wa kupuliza, unachoma vipande hadi ndani.

Hatua ya 7: Vuta na uandike

Onja asubuhi baada ya chakula chepesi, kinywaji kiwe maji matupu. Pilau, tangawizi na pilipili hukaa ulimini muda mrefu. Keti pasipo upepo. Baraza inayopigwa na kusi itaifanya iungue upande mmoja, na utailaumu sigaa. Kiyoyozi nacho kisipulize juu yako.

Vuta mara moja kwa dakika, taratibu, moshi ubaki mdomoni. Kidogo utoe puani, ndiko pilipili manga na mbao zinakojitokeza. Cazadores hudumu dakika 45 hadi saa nzima. Ukiimaliza kwa nusu saa, umeivuta kama sigara. Ikipata joto, ilaze dakika mbili, kisha puliza nje mara moja taratibu kabla ya kuvuta tena.

Gawa daftari safu mbili, ujenzi na ladha, kwa kila theluthi. Majivu ya tripa corta huanguka yakifika sentimita 1 hivi, usiikate alama kwa hilo. Ikate alama ikiungua kama mtumbwi, upande mmoja mbele na mwingine nyuma, ukalazimika kuirekebisha kwa moto zaidi ya mara mbili. Kwenye ladha tafuta udongo mkavu, ngozi, nyasi kavu, mbao, na mara nyingine kakao katika theluthi ya pili. Sentimita ya kwanza usiihesabu, na zikibaki sentimita 4 acha.

Rudia kwa sigaa tatu, siku tatu tofauti, saa ileile. Mbili kati ya tatu zikiziba ilhali mizani ilishatulia, fungu ni baya: andika hivyo pamoja na tarehe ya muhuri. Zikivuta vizuri lakini zikawa kali tu bila ladha nyingine, zilizobaki zirudishe kwenye 62 kwa miezi sita, halafu uonje moja tena kabla ya kuandika hukumu.