Kwenda na Maji: Safari ya Siku Tatu kwa Mashua, Lamu hadi Pate

Boti ya mashine hutoka Lamu ikafika Kisiwa cha Pate kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni. Mashua ya tanga hula siku nzima kwa mwendo huohuo, na ukipanga vibaya hula na usiku wake. Kama shida yako ni kufika, panda boti. Wanaoipenda mashua huipenda kwa sababu nyingine: hakuna kelele, sauti ya maji unaisikia chini ya mbao ulizokalia, na hakuna mtu wa kukuharakisha. Lakini raha hiyo haiji bure. Kila anayerudi Lamu amenuna utamkuta alipanga safari kwa saa ya mkononi, maji yakamkatalia.

Tazama mwezi kwanza

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana yapata saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka sana mnamo saa 4 asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na mkondo hupoa.

Hesabu hii ina maana kwa sababu ya Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Kisiwa cha Manda na bara unaopitwa kuelekea Pate. Kina chake ni kifupi na kingo zake ni mikoko na matope. Ukiufikia maji yamekupwa, mtakaa. Kuzunguka Manda kwa nje kunawezekana, ila huko ni bahari kuu, na wakati wa kusi, upepo utokao kusini, si mahali pa kumpeleka mgeni wa bahari.

Kwa hiyo chagua kuondoka mwezi ukiwa na siku 5 hadi 7 tangu uandame, au siku 20 hadi 22. Hapo maji hujaa kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, nanyi mnang'oa nanga saa mbili kabla ya kujaa. Mtaingia Mkanda maji yakiwa bado yanapanda, na hilo ndilo la muhimu: chombo kikigusa chini wakati wa kujaa, ngojeni kidogo, kitaelea chenyewe. Kikigusa wakati wa kupwa, mna saa nyingi za kukaa. Na kikipanda fungu la mchanga kwenye kilele cha bamvua, maji ya kesho yanaweza yasifike pale tena. Mtangoja bamvua jingine, yaani wiki mbili.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa 6 za kujaa, saa ya kwanza na ya mwisho huongeza kidogo sana. Nusu nzima ya maji huingia katika saa ya tatu na ya nne. Ukitaka kuhakikisha, chomeka kijiti ukingoni maji yanapoishia, kisha ngoja dakika 10. Kijiti kikizungukwa, maji yanajaa. Kikibaki pakavu, yanatoka.

Upepo

Kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, huvuma Desemba hadi Machi, na Pate iko kaskazini mashariki ya Lamu, kwa hiyo wakati wa kwenda mtabisha, yaani mtaukabili upepo kwa kwenda upande huu na huu, na kurudi mtasukumwa kutoka tezini, nyuma ya chombo. Huo ndio mpango mzuri, kazi ngumu mwanzoni watu wangali na nguvu. Kusi hugeuza mambo: kwenda ni starehe, kurudi ni jasho, na Juni na Julai hukaza hasa. Aprili na Mei ni mvua; kaeni nyumbani. Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, bahari hutulia lakini upepo hauna ahadi, na mnaweza kulala mchana mzima tanga likining'inia.

Kuikagua mashua

Mashua ya futi 25 hadi 30 inatosha wasafiri 4 na mabaharia 3. Usikubaliane bei ukiwa umesimama gatini. Panda, omba kufunuliwa ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, utazame maji yaliyomo. Kila chombo cha mbao huvuja kidogo, hilo lisikutishe. Muulize nahodha wanafua maji, yaani kuyatoa chomboni, mara ngapi kwa siku: asubuhi na jioni ni kawaida, kila saa maana yake kalafati imechoka na pamba inatoka kwenye maungio. Kunja pindo la tanga kwa vidole. Likikatika kama karatasi, jua limelimaliza. Vuta henza, kamba inayopandisha foromali (mti unaobeba tanga), uangalie pale inapopita juu ya mlingoti, maana ndipo inapolika. Hesabu jaketi za kuokolea, moja kwa kila kichwa, ukiwavalisha watoto zao palepale kuona kama zinawafaa.

Mapatano yataje chakula cha mabaharia, mafuta ya mashine ndogo, na siku moja ya ziada upepo ukigoma. Siku hiyo ya ziada ndiyo inayozua ugomvi mara nyingi, kwa sababu mgeni huiona hila na nahodha huiona riziki yake. Iandikeni.

Vya kupakia

Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu 7 kwa siku 3 na moja ya akiba ni lita 112, yaani madumu 6 ya lita 20. Yapangwe katikati, chini kabisa, yasaidie farumi, ule uzito unaotuliza chombo. Mchele kilo 1 unatosha mlo mmoja wa watu hao. Ongeza nazi, ndimu, vitunguu, viazi, tangawizi na majani ya chai. Kitoweo mtavua: mshipi, ndoana na ngisi wa chambo, na changu watapatikana karibu na mwamba. Jiko la makaa hukaa ndani ya sanduku la mchanga, upande wa chini ya upepo, ili cheche zisirukie tanga.

Wenye kichefuchefu wakae katikati ya chombo, watazame upeo wa bahari, na wameze dawa saa moja kabla ya safari. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai.

Njiani

Mkanda hauna nafasi ya kubisha. Upepo ukiwa wa mbele, mabaharia hushika upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, au huwasha mashine. Mkitoka upande wa pili mtaona bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Msikate mbele ya meli. Yenyewe haiwezi kusimama.

Kwenye kubisha, mashua hii hugeuzwa kwa kuupa upepo tezi: demani, kamba inayoshika pembe ya tanga, hulegezwa, foromali husimamishwa wima, tanga likapitishwa mbele ya mlingoti hadi ubavu wa pili. Msafiri kazi yake ni kuinamisha kichwa na kutoweka mguu ndani ya kamba iliyozungushwa.

Mtangawanda, bandari ya Kisiwa cha Pate, hupokea vyombo maji yakiwa yoyote. Mji wa Pate wenyewe hufikika kwa chombo maji yakijaa tu. Siyu, mji mwingine wa kisiwa hicho, ni vivyo hivyo, kwa mkono wa bahari unaopita mikokoni, na ngome yake mnaiona mkikaribia. Kutoka Siyu mnaweza kwenda kwa miguu hadi magofu ya Shanga, ambako wachimbaji walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Nendeni mapema na mrudi kabla maji hayajatoka. Mkitaka kuendelea hadi Kisiwa cha Kiwayu, ulizeni kwanza polisi wa Lamu hali ya usalama, kwa kuwa mpaka wa Somalia uko karibu na safari za usiku zimewahi kupigwa marufuku.

Mkikwama, msiruke wote kusukuma. Matope ya mikoko yana chaza wanaokata nyayo. Shusheni tanga. Baharia mmoja, mwenye viatu, apeleke nanga upande wa kina na kamba ikazwe. Maji yakiendelea kutoka, pigeni magadi, yaani miti ya kuegemeza, pande zote mbili chombo kisilale ubavu, funikeni madumu, kisha bandikeni chai.